Nilimenya mikate ya mama ili mgeni asituone washamba

Wakuu, poleni na majukumu. Hili sikusimuliwa, mimi ndiye niliyekosea, kwa hiyo nawapa kama lilivyo.

Mimi ni mtumishi hapa Mbinga mjini, kwetu ni kijijini Namswea. Msimu wa mahindi mabichi, sista mmoja wa parokiani, raia wa Mexico, akasema atakwenda kijijini kumsalimia mama, nami nikaenda kumpokea.

Mama alifurahi balaa. Akasaga mahindi mabichi, akafunga rojo lake kwenye maganda ya mahindi hayo hayo, akapika kwa mvuke. Mkate wetu wa siku zote. Mezani kila mtu hufungua wa kwake.

Sasa mimi na ujuaji wangu! Nikaona aibu, mgeni wa ng'ambo umpe chakula kwenye maganda? Nikaimenya mikate ile, nikaikata vipande, nikaweka na uma. Maganda nikawapa mbuzi.

"Haya baba, wewe ndiye msomi," mama akasema.

Sista alipofika, mama akaitikia shikamoo yake, kisha akarudi jikoni na kugoma kuja mezani. Wakuu, mama yangu asile na mgeni! Nilijua nimemuumiza, ila nikakaza shingo.

Sista akaonja. Akaacha kutafuna.

"Hii ilifungwa kwenye nini?"

Nikababaika. Nikasema maganda, ila nimeyatoa, samahani.

Akainuka mwenyewe mpaka jikoni. Akamweleza mama kwamba kwao wana ndugu wa mkate huu, wao huweka na nyama ndani. Unaitwa tamal. Jina limetoka kwenye Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa kule tangu Wahispania hawajafika, na maana yake ni kitu kilichofungwa. Bibi yake alikuwa anafunga vile vile.

Mama akasikiliza weee, halafu akanigeukia.

"Kumbe jina la chakula cha mgeni umewapa mbuzi!"

Sista alicheka mpaka akashika ukuta. Mama naye akafunua sufuria ndogo: alikuwa amenificha miwili, na maganda yake. Wakala pale pale jikoni, kila mmoja akifungua wa kwake. Mimi nikabaki na vipande vyangu na uma.

Nilichojifunza: aibu ilikuwa yangu, mama hakuwa nayo. Siku hizi naibeba mikate hiyo ofisini na maganda yake, kifua mbele.

Haya, kwenu mnafunga nini, na jina lake lina maana gani? Shusheni hapa. Waliowahi kumenya kama mimi, jitokezeni, msiniache peke yangu.