Mabamba Kumi na Manne ya Bi Wadha

Tarehe 11 Machi 1997, Harub bin Nasib, mchimba mawe wa Al Amerat, alilazwa hospitalini Muscat akiwa na mbavu tatu zilizovunjika. Kwenye fomu daktari aliandika kwamba ameanguka mlimani. Hakuanguka.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa aking'oa mawe ya bapa kwa kabari na mtaimbo, tabaka baada ya tabaka. Baruti hakuitaka. Mshindo wake huacha nyufa ndani ya jiwe, na jicho halizioni mpaka jiwe libebe uzito. Asubuhi ile alifika machimboni akakuta harufu ya baruti, na lori limekwisha kupakiwa mabamba kumi na manne: ngazi za nyumba mpya ya Bi Wadha, bibi wa miaka sabini, huko Sib. Aliyelipua ni Bakhit, mshirika wake wa kazi na kaka wa mkewe, Zakiya.

"Siku sita wagonga kabari kama mtu atwanga kisamvu," Bakhit alisema, anacheka. "Mie nimemaliza kwa mshindo mmoja."

Harub alipanda lorini, akaligonga bamba la kwanza kwa nyundo. Jiwe zima hulia kama kengele. Hili lilitoa sauti ya nazi mbovu. La pili vilevile.

"Haya hayendi, shemegi."

"Ufa uko wapi? Nionyeshe! Nani kakufanya mganga wa mawe?"

"Nnakwambia hayendi. Bi Wadha atakanyaga hapa, aporomoke nalo."

Bakhit aliingia ndani ya lori, akawasha injini. Harub akainua nyundo kubwa. Bamba la kwanza lilikatika vipande vitatu kwa pigo moja.

"Mwendawazimu we! Shuka!"

Alipovunja la tatu, Bakhit alipanda lorini na mtaimbo. Pigo la kwanza lilimpata Harub ubavuni, akapiga magoti, akavunja bamba la nne akiwa amepiga magoti. Pigo la pili lilivunja mifupa, ilisikika. Harub akaokota kipande cha jiwe, akamtupia usoni. Bakhit alianguka kutoka lorini hadi chini, mdomo umepasuka, anatema meno na matusi. Harub aliendelea, damu ikimtoka puani, mpaka la kumi na nne. Ndipo akalala juu ya kifusi.

Zakiya alimkataza kaka yake kuingia nyumbani mwake. Mwezi Mei Harub alipanda mlimani peke yake, akaanza kung'oa mabamba mengine.