Mipira Iliyotundikwa Juu ya Moto

Mume wangu hakuwahi kushindana kwenye mpira mpya. Hapa Goma baiskeli tunaiita kinga, na yeye alikimbiza kinga tangu ujana wake, kisha magoti yalipochoka akawa fundi kule Mabanga. Mipira ya mashindano si kama ile ya kubebea magunia ya viazi. Ni myembamba, imeshonwa pande zote kama soseji, na hubandikwa kwenye janti, ile ringi ya gurudumu, kwa gundi. Akipata jozi mpya aliivisha kwenye janti mbili kuukuu bila gundi, akaijaza pumzi kidogo, akaifunika kitambaa cheusi na kuitundika ukutani chumbani kwetu, upande usioona dirisha. Juu yake aliandika mwezi kwa chaki. Ilikaa hapo mwaka mzima, saa zingine zaidi. Jirani mmoja aliichungulia akaenda kusema kwamba nyumbani kwetu kuna mambo ya dawa.

Sababu yake ilikuwa rahisi. Alisema mpira mpya ni laini mno, unaokota kila kijiwe, na barabara zetu zina changarawe ya volkano inayokata kama wembe. Ukiuacha gizani unakauka taratibu, ngozi yake inakaza.

"Hata jibini ya Masisi inangojewa ikomae," aliwaambia mafundi wenzake.

"Muzee, jibini tunakula," walimjibu. "Weye unalalia mipira kama kuku juu ya mayai. Itatotoa lini?"

Alicheka nao. Lakini hakubadilika.

Niseme ukweli, maana yeye mwenyewe hakupenda uongo. Niliishi naye miaka kumi na tisa na sikuona tofauti. Nilimwona akitobokewa kwenye mipira ya mwaka mmoja, nikamwona akitobokewa kwenye ile ya miaka miwili. Sikumwambia, kwa sababu hakuniuliza. Pia nilipenda kuwa na mwanamume anayejua kungoja, katika mji ambao kila mtu anakimbia.

Alipofariki, alikuwa ameacha jozi moja ukutani, ya mwezi mmoja tu. Ilikuwa ya binti yetu. Binti yetu naye anakimbiza kinga, na baba yake alikuwa amemwambia: "Hii ni yako. Mwaka ukitimia, utaenda nayo kwenye mbio za kuchagua timu ya mji."

Siku za matanga nyumba ilifanywa kama inavyofanywa kwetu. Kitanda, kabati na viti vilitolewa nje chini ya shitingi, lile turubai la plastiki, ili watu wapate mahali pa kukaa na kulala chini. Mimi nilikaa kwenye mkeka, sikuangalia nini kinatolewa na nani. Aliyesimamia kila kitu ni dada mkubwa wa marehemu, mama wa milimani Masisi, mwenye mikono isiyotulia. Nilipoanza tena kuingia jikoni, niliikuta mipira imetundikwa pale juu ya moto, kitambaa na janti vimeondolewa.

Kwao milimani, mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya jiko. Moshi unafukuza wadudu, na msimu ukifika mbegu ni nzima. Wifi yangu alikuwa amesikia kwamba mipira ile inangoja mwaka wake, basi akaitunza kama anavyotunza kitu kinachongoja.

Nami niliiona na sikuitoa. Hilo ni kosa langu, si lake. Yeye hakujua, mimi nilijua, maana mume wangu alishasema mara mia kwamba adui wa mpira ni moto na jua. Lakini asubuhi nikipuliza makala, makaa ya jiko, niliinua macho nikaiona pale, na nilijisikia kama mtu amekaa nami jikoni. Miezi kumi na moja ilipita hivyo.

Mwaka ulipotimia, binti yangu alirudi kutoka mazoezini Keshero akaenda moja kwa moja jikoni. Alikuwa na miaka kumi na nane, mwili wote miguu. Mbio zilikuwa Jumamosi: kutoka Keshero hadi Sake na kurudi, na wasichana watatu wa kwanza ndio wangeingia timu. Ilikuwa Jumatatu.

"Mama, leo naitelemusha," alisema. "Mwaka ya Papa imetimia."

Niliishika kabla yake. Nilikunja kipande kati ya vidole gumba viwili, kama nilivyomwona baba yake akifanya. Ngozi ya mpira ilifunguka vimistari vidogo vidogo, kama udongo wa shamba wakati wa kiangazi. Pembeni, pale penye kitambaa na mshono, rangi ilikuwa ya kahawia na nyuzi zilikwaruza kidole.

Ningeweza kunyamaza. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu maziko. Lakini niliwaza ule mteremko kabla ya kuingia Sake, ambapo wanashuka wameinamisha vichwa, malori yanapanda upande wa pili.

"Hutapanda juu ya hii," nilimwambia. "Imekufa."

"Nani amekuambia? Papa alisema mwaka moja!"

"Papa alisema mwaka moja gizani. Hii imekaa miezi kumi na moja juu ya moto. Niliiona na nikaiacha. Ni mimi."

"Uliiona kila siku?"

"Kila siku."

"Basi ulikuwa unamuchoma Papa kila siku," alisema, akatoka.

Siku ile hakula. Mimi sikumfuata kumbembeleza. Maneno yake yalikuwa makali lakini yalikuwa na haki ndani yake. Kesho yake nilimwita uani.

"Sitaki uniamini mimi," nilisema. "Tuulize mpira wenyewe."

Tuliufunga mmoja vizuri kwenye janti. Nikamwambia aupige pompi mpaka kipimo cha mashindano, kama baba yake alivyokuwa akiupiga. Alipiga kwa hasira, anahesabu kwa sauti. Mpira ukakaza, ukalia ngwa ngwa ukigongwa na ukucha. Akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

"Unaona? Muzima kabisa."

"Uweke hapo juani. Tukatwange sombe kwanza."

Ile sombe, mboga ya majani ya muhogo, haikufika nusu kinuni. Mlio ule! Sisi watu wa Goma tumefundishwa na miaka mingi ya vita nini cha kufanya ukisikia mlio kama huo. Binti yangu alilala kifudifudi juu ya majani ya muhogo. Mimi nilikuwa nyuma ya kinu. Ng'ambo ya ukuta wa mawe, jirani alikuwa akipiga kelele kuwaambia watu wake wasiinue vichwa.

Kisha kimya. Mpira ulikuwa umefunguka ubavu, urefu wa mkono mzima.

"Mama wa mipira!" jirani aliita. "Ni kwako?"

"Ni kwangu. Ni mpira."

"Mupira? Nimelala ndani ya maji ya kufulia juu ya mupira?"

Binti yangu alianza kucheka, bado amelala chini, majani kwenye nywele. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na hapo ndipo nilipomwendea. Tulilia pamoja pale chini. Mwaka mzima tulikuwa tumelia kila mmoja kwenye pembe yake.

Kiongozi wa klabu yake alikuwa na jozi moja mpya, bado kwenye boksi lake. Jumatano aliitoa. Binti yangu aliileta nyumbani akiishika kwa ncha za vidole, kama kitu cha aibu.

"Haijangoja hata siku moja," alisema. "Na nani atabandika?"

Nilimwambia alete janti. Miaka yote ile mume wangu akibandika, mimi ndiye niliyeshika gurudumu na kupaka gundi, tabaka la kwanza, kungoja, tabaka la pili. Yeye aliangalia mwendo wa kinga, mimi niliangalia gundi, na macho yangu ni mazuri. Nilisugua janti hadi ikang'aa. Nilipaka nyembamba, sawasawa. Alhamisi nilivuta mpira kuanzia kwenye tundu la kujazia pumzi, nikashuka nao pande mbili kwa mikono yote miwili, nikiegemea kwa uzito wangu wote, na sehemu ya mwisho ikaingia kwa goti. Nilizungusha gurudumu. Halikuyumba hata kidogo. Nilisimama pale jikoni nikalizungusha tena, bila sababu yoyote, ila kuliangalia.

Jumamosi nilisimama pembeni mwa barabara Keshero pamoja na wazazi wengine. Sikuomba ashinde. Niliomba magurudumu yafike. Waliporudi walikuwa kundi moja la wasichana watano, vumbi jeusi hadi kwenye meno. Binti yangu alikuwa wa nne, halafu kwenye mita za mwisho akasimama juu ya pedali na kumpita mmoja. Wa tatu.

Mafundi wa Mabanga walikuja kuangalia kinga yake kabla hajapata hata maji ya kunywa. Mmoja alipitisha kidole kwenye mpira, akahesabu alama za mawe. Kulikuwa na nyingi, na hakuna hata moja iliyoingia ndani.

"Yule muzee alituachia akili," alisema. "Unaona mupira uliozeeshwa? Mama, huu ulikaa miaka ngapi?"

Wote walinigeukia. Ingekuwa rahisi kusema mwaka mmoja. Wangeondoka wakimsifu mume wangu, nami ningewaacha.

"Ulitoka kwenye boksi Jumatano," nilisema.

Yule fundi akainuka wima.

"Basi muzee alikuwa anajipoteza bure?"

"Sijui," niliwaambia. "Kama kungoja kunasaidia, mimi sikuona tofauti. Ila yeye aliangalia kila mpira mwaka mzima kabla ya kumfungia mtu kwenye kinga yake, na hakuna hata mmoja aliyeanguka kwa sababu ya mpira wake. Hilo najua."

Yule fundi akainama tena, akabana mpira kwa vidole gumba viwili na kujaribu kuusogeza kwenye janti. Haukusogea. Akajaribu kwa nguvu zaidi, ameuma mdomo.

"Gundi hii ni ya nani?" aliuliza.

Nilitaka kujibu, lakini binti yangu alikuwa amevuta pumzi tayari.

"Ni ya Mama," alisema. "Na usiharibu kazi yake."