Asli ya Mzee Rahim

Ukuta wa majlis, sebule yangu kule Mudhaibi, Oman, niliujenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na mama akautundikia ramani ya mdogo wangu. Siku ile, mwaka wa tisini na mbili, nilikuwa nimerudi kutoka gereji kwangu Firq, nimekaa nakula halua, na jirani yetu kasimama mbele ya ramani anastaajabu. Hakuna aliyewahi kuustaajabia ukuta.

"Kachora Hamed kwa mkono wake," mama akamwambia. "Tajikistan yote: milima, mito, mikoa na wilaya zake."

Hamed alipata nafasi ya kusoma Urusi wakati sisi bado tuko Unguja. Mie nilitolewa skuli darasa la tatu nikabebe magunia bandarini, ili yeye aendelee. Akasoma jiografia, akamuoa Zulfiya, Mtajiki, akahamia kwao Tajikistan akawa mwalimu katika mji wa pamba, Kurgantepa. Mie nilikuja Oman mikono mitupu, nikajifunza injini kwa kuungua vidole. Nyumba mie, dawa za mama mie, safari zake za hospitali Nizwa mie. Lakini mama akisema "mwanangu" bila jina, sote tulijua anamsema nani.

Kitu kimoja nilikificha. Binti yangu alikuwa akinisomea majina ya ile ramani, nami nikayahifadhi moja moja, kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi sura za Kurani. Sikutaka Hamed aje siku moja awe anayajua yeye peke yake.

Wiki ile ile zikaja habari kuwa Tajikistan wanapigana wenyewe kwa wenyewe. Simu ya Hamed haikushika. Mama akaacha kula. Siku ya tatu akaniita.

"Nassor, kaniletee mwanangu."

"Na mie nani?"

"Wewe si upo hapa."

Nikafunga gereji. Ndege kutoka Dubai mpaka Tashkent, kutoka hapo magari ya kubahatisha, na kila baada ya mwendo mfupi watu wenye bunduki wanauliza unatoka wapi. Nilimkuta Hamed kakonda, ndevu zimeingia mvi, na bado anajua kila kitu.

Nyumba yake ilikuwa na watu wanne: yeye, Zulfiya, binti yao mdogo, na baba yake Zulfiya, Mzee Rahim, mkulima wa pamba mwenye viganja kama vyangu. Mzee alinikatia tikiti akanipa kipande cha katikati. Nilimpenda pale pale. Halafu akamgeukia Hamed, akamwita "mwalimu", na namna alivyolitamka neno lile, tikiti likanichachia mdomoni.

"Kaka, vita hivi ni vya mtu katoka wapi," Hamed akanieleza. "Warusi waliwapakia watu wa milimani, wa Gharm, kwenye malori, wakawaleta huku bondeni kulima pamba. Mzee kaja kijana. Kaoa hapa, kazaa hapa, na bado anaitwa mtu wa Gharm."

"Basi kama sie," nikasema. "Nimezaliwa Unguja, lakini ukiniuliza asli yangu nakwambia Mudhaibi."

"Kama sie. Ila huku wanauana kwa hilo."

Mzee alisikia jina la kwao. Akaweka kiganja kifuani, akasema maneno mengi, na Hamed akafasiri: maji baridi, miti ya mishimishi, kaburi la mama yake.

Asubuhi Hamed alizichoma karatasi za mzee, zilizotaja Gharm, kwenye tanuri la mkate. Tulikuwa tunakwenda Dushanbe, mji mkuu, kwa gari la Hamed, kutafuta ndege.

"Tukiulizwa, mzee kazaliwa hapa hapa," akasema. "Ntasema mie. Wewe kaka usiseme kitu."

Usiseme kitu. Mdogo wangu, niliyembebea magunia, ananiambia hivyo mbele ya mkewe na mtoto. Neno lile nilikwenda nalo njia nzima.

Kwenye kizuizi cha tatu wenye bunduki walikuwa wamelaza tela la pamba katikati ya barabara. Wakamwita Hamed kwenye meza yao na karatasi zetu. Mmoja akabaki, akaegemea dirisha langu, anatafuna mbegu za alizeti.

"Az kujo?" akaniuliza. Swali hilo nilishalijua, nililisikia kila kizuizi. Unatoka wapi.

"Oman. Mudhaibi."

Akacheka, akajaribu kulitamka. Hakuwa na sura mbaya. Kisha akamwelekezea kidevu Mzee Rahim, kiti cha nyuma.

Nikatazama kule mezani. Hamed anaeleza kwa mikono, na wenye bunduki wote wanamsikiliza. Popote alipo, anasikilizwa.

"Gharm," nikasema.

Na nililitamka sawasawa.

Nyuma yangu Zulfiya alivuta pumzi.

Mlango wa mzee ukafunguliwa.

Mzee alivua kofia yake akamvisha mjukuu wake. Akanitazama, akaweka kiganja kifuani.

Hamed alikuja mbio. Wakampiga kwa kitako cha bunduki, wakamtupa ndani ya gari. Wakambakisha mzee, wakatuashiria twende.

Gari niliendesha mie.

Hatukusikia risasi.

Kwetu ukitaja asli ya mtu umempa heshima yake. Mgeni akiingia, kabla ya kahawa ushasema huyu wa Ibra, yule wa Sur. Nimejitetea kwa hilo miaka mingi, na si kweli. Nilikuwa nimekatazwa. Nilitaka mara moja tu niwe mie ninayejua.

Tulifika Oman wanne. Mama alimkumbatia Hamed mpaka watu wakawatenganisha. Mie alinigusa bega, akaniuliza kama nimekula.

Watu wakiuliza habari za mzee, Hamed akijibu, "Walizisoma karatasi zake." Karatasi zilikuwa majivu. Alijibu hivyo kwa mama, kwa majirani, kwa walimu wenzake alipopata kazi Nizwa. Siku moja alinifuata gereji, nikamuuliza kwa nini ananifichia.

"Kaka, wewe ulikuja," akasema. "Nani mwengine alikuja?"

Ningependa angenitukana. Matusi ningeyajibu. Alinishinda hata hapo, na wivu nilioupata siku ile ulikuwa mkali kuliko wa ramani.

Mkoa wa Kurgantepa haupo tena. Waliuunganisha na wa jirani yake, wakaupa jina jipya, na Hamed amewachorea wanafunzi wake ramani nyengine. Ile ya zamani ipo pale pale ukutani. Sijaitoa.

Mama alipofariki, watu walikuja kutoka Ibra kutupa mkono wa tanzia. Bibi mmoja, mtu wa Unguja kama sisi, alimtazama Zulfiya anavyohudumia, akapendezwa naye.

"Mwanangu, Kiswahili chako kizuri. Asli yako wapi?"

Hamed akainua kichwa, tayari kunikinga.

"Muulize kaka Nassor," Zulfiya akasema. Hakusema kwa ukali. "Yeye anajua."

Miaka yote hiyo hakuwahi kulizungumza. Alikuwa ameketi nyuma yangu ndani ya gari, na tangu siku hiyo kahawa yangu akinimiminia mie kwanza, kwa kuwa mie ndiye mkubwa wa nyumba.

"Gharm," nikasema. Sauti haikutoka vizuri. "Baba yake ni mtu wa Gharm."

"Mashaallah. Na baba yupo?" bibi akamuuliza.

Zulfiya akachukua dele la kahawa, akanijazia kikombe changu.

"Hatujui," akasema.