Kimya cha Mama Alphonsine

Siku yangu ya kwanza redioni, nikiwa bado msichana, chef wa studio, mkubwa wangu wa kazi, alinikabidhi wembe na utepe wa sauti, akasema: "Bon, kazi yako hapa iko kuua blan." Blan ni kimya katikati ya kipindi. Msikilizaji akikutana nayo anadhani mitambo imekufa, anazima. Kwa hiyo tuliusikiliza utepe, tukakata palipo kimya, kisha tukaziunga ncha mbili kwa plasta nyembamba. Hivyo ndivyo nilivyopata riziki yangu hapa Kisangani.

Blan moja tu haikuguswa, ya Mama Alphonsine, msimulizi wetu wa hadithi za Jumamosi jioni. Alitoka kwa wavuvi wa maporomokoni, na mdomo wake haukuogopa mkubwa. Kila hadithi ilipofika pabaya aliuliza: "Bandugu, muko?" Halafu ananyamaza, ili watu majumbani wajibu: "Tuko!" Aliponiona na wembe alinishika mkono. "Wewe mutoto, hapo haiko yangu. Hapo iko ya batu."

Vita vikaja. Majeshi ya kigeni yakaupigania mji wetu kana kwamba hauna wenyewe. Mabomu yakilia upande wa uwanja wa ndege wa Simi-Simi, hakuna aliyetoa pua nje. Mimi nilikaa Lubunga, ng'ambo ya mto, na mitumbwi ikikatazwa kuvuka nilibaki msikilizaji kama wengine. Nyumba zetu zimebanana. Mama Alphonsine akiuliza, jibu lilipita ukuta hadi ukuta, na hivyo tulijua nani mzima. Papa Lokinda, jirani yangu, mzee wa reli aliyefiwa na mke, alijibu wa mwisho makusudi ili asikike peke yake. Jumamosi moja hakujibu. Tukamwendea, tukamkuta anatetemeka kwa homa, tukamuuguza.

Mabomu yalipotulia kidogo, directeur wetu, mkuu wa kituo, akapata wazo: hadithi ziende televisheni! Sikupinga, na Mama Alphonsine alishona liputa mpya ya kitenge. Lakini alipouliza "Muko?" akanyamaza mbele ya kamera, réalisateur, yule bwana wa kuongoza upigaji picha, akasimamisha kazi.

"Non, non, Mama. Kwa televizyo, blan iko panne, mashini imekufa."

Akaleta vijana wa kwaya, akawaketisha miguuni pa Mama wajibu papo hapo, kwa makofi na kelele.

"Na batu ya nyumbani batajibu wakati gani?" nikamwuliza.

"Si hawa banajibu kwa ajili yabo?"

Jamani! Nikaenda kwa directeur. "Mama, weka roho chini," akaniambia. "Batu batapenda." Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa. Mama Alphonsine naye aligoma, wakamwambia ni hivyo au kipindi kife. Akasimulia huku amenuna.

Na watu walipenda! Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mtaani kwetu televisheni ilikuwa moja tu, ya Papa Kambale, mfanyabiashara aliyetoka Kivu, mwenye jenereta. Tulijazana uani kwake. Vijana wa kwaya wakapaza "Tuko!", watu wakacheka wakishangilia, na katika ua mzima hakuna aliyejibu. Ujibu ya nini, umeshajibiwa? Hadithi ilipokwisha kila mtu alikwenda kulala ameridhika.

Asubuhi tulimkuta Papa Lokinda sakafuni kwake, nyonga imevunjika. Aliteleza jioni ile akijiandaa kuja kwa Papa Kambale, ukuta wa pili tu. Nilikiinua kichwa chake, nikamgombeza kwa sababu niliogopa.

"Papa, mbona haukuita?"

"Niliita. Kila mara Mama aliuliza, nilijibu. Ile batoto yenu hainyamazake."

Nilimpelekea directeur maneno hayo kama yalivyo. Aliinamisha kichwa, akafikiri sana, mpaka nikaanza kumwonea huruma. Kisha akasema: "Bon. Tutapunguza sauti ya batoto kidogo."

Wakapunguza. Kidogo. Papa Lokinda alitembea kwa fimbo hadi alipofariki, na kwaya iliendelea kujibu hadi nilipostaafu.

Vijana wa redio mnakuja kwangu kuuliza siri ya kazi, na mnachoka kunisubiri, maana kila baada ya muda mfupi nazima televisheni katikati ya kipindi. Wajukuu wangu nao wanalalamika kwamba bibi amezeeka vibaya. Nyumba ya pili anakaa mama mmoja mgonjwa, peke yake. Nazima, nasikiliza, nawasha tena. Wacha wanune.