Mgomba wa Kambere

Mama Katungu wa mtaa wa Katoyi anashona kanzu za watumishi wa altare, na hakuna mshono wake uliowahi kupinda. Lakini ulimi, aa! Ulimi ulimponyoka siku moja tu, na neno likishatoka halirudi.

Mwanawe Kambere, dereva wa lori za mpaka wa Bunagana, alikuwa akiishi Kampala na mwanaume mwenzake, Benny, kama mtu na mkewe. Habari zikafika shirikani, kwa majirani Wakatoliki wanaosali pamoja kila wiki. Jumapili ile padri akahubiri kwamba tendo hilo ni dhambi, kisha akaongeza kwamba mtu mwenyewe asifukuzwe wala asidharauliwe. Weee! Nusu ya kwanza ilisikika hadi barabarani. Ya pili iliishia altareni. Hata Mama Katungu hakuisikia, au hakutaka.

Basi Papa Kamate, mkubwa wa shirika, akamuuliza, "Mama, ule mutoto iko wapi siku hizi?"

"Alikufa," akajibu. "Vita ilimukamata njiani. Mwili haukuonekana."

Aibu ndiyo iliyosema.

Katika ukoo wao, mtu asiyeonekana mwili huzikwa kwa mgomba. Mgomba hukatwa juu ya mizizi, ukavikwa nguo za marehemu, ukalazwa kaburini. Mama Katungu alikwenda kuutafuta peke yake, mbio mbio, akiogopa maswali, na badala ya kuukata akaung'oa na mizizi yake yote. Wakauzika pembeni ya ua, penye udongo kidogo kati ya mawe ya volkano, wakasimika msalaba wenye jina. Kwenye matanga watu walilia. Yeye alilia kuliko wote, na hakuwa anaigiza.

Mvua ya kwanza tu, kaburi likachipua.

Akalivunja lile chipukizi. Likarudi. Akalikata kwa panga, akalimwagia maji ya moto. Asubuhi akalikuta limesimama, jani limejikunja kama kidole, limeelekea mlango wake. Tangu hapo akishona husikia pumzi pale pembeni, mashine ikinyamaza nazo zinanyamaza.

Alasiri moja shirika lilikuja kumwombea marehemu. Ukungu ulikuwa umeshuka, wenye harufu ya moshi wa mlima.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana," alianza Papa Kamate.

"Na mwanga wa milele umwangazie," wakaitikia. Sauti moja ilichelewa, ikitokea langoni. Kambere alikuwa amesimama pale na begi lake, amekonda, ameitikia kama alivyolelewa, bila kujua marehemu ni nani.

"Yesu wangu! Muzimu!" alipiga kelele Mama Émérance, mmoja wa majirani.

Papa Kamate alinyanyua rozari. "Mama Katungu, huyu ni nani?"

Neno moja lingemrudishia mtoto, na hilo hilo lingemvua nguo mbele ya watu wote. Alitamani kumkimbilia. Kambere alimtazama mama yake, kisha akausoma msalaba.

"Simujui," alisema Mama Katungu.

Kambere akainamisha kichwa. "Mutanisamehe, mama. Nimekosea nyumba."

Akageuka, ukungu ukamfunika. Majirani wakanyunyiza maji ya baraka pale alipokanyaga, wakaenda zao haraka.

Mama Katungu alipobaki peke yake alichukua bidoni ya maji, akapiga magoti penye chipukizi, akamimina taratibu.

"Kunywa, mutoto yangu," alisema. "Kunywa. Hapa ni kwenu."