Avansi ya Fabiola

Usiku ule Bora hakulala. Simu aliiweka juu ya kabati, mahali pekee nyumbani pale Rumonge ambapo mtandao ulishika, naye akaketi chini yake juu ya bidoni tupu la mawese. Binti yake Fabiola alikuwa Bujumbura, kwenye nyumba ya watu wanaopeleka wasichana kazini Omani, na alikuwa ameahidi kutuma picha za mkataba kabla ya saa nne usiku. Saa nane ikapita. Saa tisa ndipo simu ilipotikisika: kurasa nne za Kifaransa na Kiarabu, bila hata neno la salamu.

Bora aliacha shule darasa la tano, ukimbizini Tanzania. Lakini tarakimu alizijua vizuri, kwa sababu ya kuuza mawese. Akatafuta 120, mshahara ulioahidiwa, akaiona, akapumua. Kisha akafika ukurasa wa tatu, akaona 70, na 30, na 25. Hizo hakuna aliyemtajia.

Aliyeleta habari ya kazi ni Clever, kijana waliyesali naye kanisa moja. Alikuja na pikipiki yake, akaketi, akala ndagala wa ziwani, akasema, "Riali mia na ishirini kila mwezi, mama. Kusafisha hoteli tu. Na ili ujue siyo maneno matupu, avansi hii hapa." Zilikuwa franka milioni mbili, malipo ya kabla ya kazi. Bora akatia sahihi mahali alipoonyeshwa.

Mwenye michikichi yeyote wa pande hizi angefanya vilevile. Mnunuzi huja mikungu ingali mibichi, akahesabu miti, akaacha avansi. Mikungu ikitoka hafifu, hasara ni yake, na harudi kudai. Bora alizipokea zile milioni mbili kwa moyo huohuo. Akaezeka mabati mapya, akatoa na za pasipoti.

Kulipokucha alikwenda kwa Hindu, mama yake Ayman, muuza vitambaa karibu na soko. Babu yake Hindu alitoka Omani, na Hindu mwenyewe alisomea Kiarabu msikitini.

"Mama Ayman, amahoro. Nisomee hii."

"Hata chai sijanywa." Akaivuta simu karibu na macho. "Nani alikuletea?"

"Clever."

"Yule wa pikipiki? Mimi nina ndugu hukohuko Omani, tangu nizaliwe hawajanitumia hata kanga moja. Wewe umeamini Clever atakupa riali."

"Soma kwanza, utanicheka baadaye."

Hindu akasoma kimyakimya, na kadiri alivyosoma ndivyo utani ulivyomtoka usoni. "Mshahara wenyewe ni sabini. Hii hamsini nyingine ni posho, ya saa za ziada na kazi ya Ijumaa. Tajiri asipompa saa za ziada, haipati. Halafu kwenye sabini wanakata thelathini ya chumba na chakula. Wanakata na ishirini na tano ya viza, tiketi na avansi."

"Avansi inakatwa?"

"Ni mkopo, Mama Fabiola. Mutoto anabaki na kumi na tano. Na akikataa kwenda, au akirudi kabla ya miaka miwili, aliyetia sahihi ya avansi anairudisha mara mbili. Jina lako iko hapa."

"Lakini Clever ndiye alimutaka mutoto wangu. Mimi sikumuomba."

"Hapa haijaandikwa nani alimutaka nani."

Bora akapiga simu ya Fabiola. Imezimwa. Akapiga tena akiwa njiani kuelekea kituoni. Fabiola angetia sahihi yake saa nane mchana, Clever mwenyewe alisema. Petroli ilikuwa imeadimika tena, na gari pekee lililokuwa linaondoka lilitoza maradufu. Bora hakubishana. Alitoa fedha za mabidoni ya mawese aliyouza juzi, akaketi mbele, na ziwa upande wa kushoto hakuliangalia hata mara moja.

Saa saba na nusu alikuwa mbele ya geti jeusi la chuma la ile nyumba ya Bujumbura. Mlinzi akamtazama viatu, akaingia ndani, akamtoa Fabiola nje kwa dakika tano.

"Usitie sahihi," Bora akasema kabla ya salamu. "Mshahara siyo ule."

"Najua, mama. Ni sabini."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu juzi. Shule ya Kifaransa ulinilipia wewe."

"Basi chukua sanduku lako, twende."

"Una milioni nne?"

"Nitauza miti."

"Miti yenyewe iko mingapi? Na wadogo zangu utawapa nini wale?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikutumia picha. Nilitaka ujue, usije ukakaa pale ukingoja mia na ishirini na kuwaambia watu kanisani kwamba nakula peke yangu." Fabiola alisema hayo taratibu, akitazama bega la mama yake. "Siku ile ulipokea avansi, mama. Mimi nilirudi kutoka kuteka maji, nikakuta nimeshakubali."

"Nilidhani ni kama avansi ya mikungu."

"Najua ulivyodhani."

Mlinzi akagonga saa yake kwa kidole. Fabiola akamshika mama yake mikono yote miwili kama wanavyosalimiana watu wa kwao, lakini hakubana. Akaingia, geti likafungwa.

Bora akagonga. "Niitie tena, nina neno moja."

"Rudi nyumbani, mama," mlinzi akajibu kutoka ndani. "Wameanza."

Kupitia chuma alisikia majina yakiitwa, moja baada ya jingine, na kila jina likifuatwa na mkwaruzo wa kiti. La Fabiola lilikuwa la nne. Akagonga kwa kiganja, kisha kwa ngumi, mpaka muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara akasimama kutazama. Hakuna aliyefungua.