Fundo la Aproni ya Agripina

Agripina aliuza nguo Guangzhou, China, miaka kumi na tisa bila kujinunulia aproni hata moja. Sasa binti yake Edina alikuwa anaolewa Austria, na wakwe walitaka wageni wavae gauni la milima ya Alpi, lile linalobana kiunoni na kuvaliwa pamoja na aproni mbele. Gauni alikuwa nalo, la kijani. Akaenda Guangyuan Xilu, mtaa wa maduka ya nguo, kutafuta aproni.

Mama mwenye duka alimtandazia ya hariri nyekundu. Agripina akaijaribu, akampigia Edina simu ya video.

“Umependeza, mama. Ila fundo umelifunga kushoto kama msichana. Mke wa mtu hufunga kulia.”

“Na mjane?”

Edina alishusha sauti. “Nyuma, mama.”

Agripina akamkumbuka marehemu Kassian, enzi wakikaanga maandazi ya kuuza Songea. Agripina alikuwa akikumbuka aproni mikono yake ikiwa imeshajaa unga, na mumewe ndiye aliyemfunga mgongoni, akilivuta fundo mara mbili. “Haya, mama Edina, kazi!”

Aliirudisha ile ya hariri, akapekua rundo hadi akapata ya pamba, ya buluu, kama ile ya maandazi. Akamgeuzia mwenye duka mgongo.

“Nifungie nyuma. Kaza vizuri.”

Harusini, bibi mmoja wa huko alilitazama lile fundo. Alimshika Agripina mkono, kisha akageuka kumwonyesha lake. Nalo lilikuwa nyuma.